Binti Cork, mdogo wake Brno: Waairishi na Wacheki ni watu wa namna gani?

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Moshi: "Mwalimu, binti yangu ni nesi, ana mwaka wa pili sasa Cork, nchini Ireland. Mdogo wake wa kiume amepata masomo ya uhandisi Brno, Ucheki, ana miezi mitano. Kila Jumapili wananipigia simu na kila mmoja ana lake. Dada mtu anasema watu wa kwake wamejaa maneno, tena wanazikana kama sisi. Mdogo anasema wa kwake hata salamu hawana, kanisani hakuna mtu, na mwenye nyumba alimfokea kwa sababu ya viatu. Mimi nilidhani Wazungu ni Wazungu tu. Hao watu wakoje, na walifikaje kuwa hivyo?"

Shikamoo, mama. Nianze na viatu, maana hiyo ndiyo kesi iliyo mezani.

Mwanao hakufokewa kwa chuki. Nyumba ya Mcheki haiingiwi na viatu. Mlangoni pana kijikabati, ndani yake kuna ndala za kitambaa za saizi zote, na mgeni hupewa zake kabla hajapewa kiti. Hata watoto wa shule huacha viatu vya njiani kwenye makabati na kuvaa vya ndani kabla ya kuingia darasani. Mimi nilipofika kule mara ya kwanza nilipewa ndala za marehemu mume wa mwenye nyumba, za rangi ya kahawia, zimelika kisigino upande mmoja. Nilizivaa kwa shingo upande. Ilinichukua muda kuelewa kwamba ile ilikuwa heshima. Mtu wa Pwani angejua bila kuambiwa. Sisi wa bara ndio tunaoingia na matope mpaka sebuleni.

Na hapo hapo kwenye viatu kuna jambo ambalo mwanao anaweza kulitumia kumlainisha mwenye nyumba wake. Viatu vya Bata, ambavyo wewe na mimi tulivivaa shuleni na ambavyo watu wengi huku huapa kwamba ni vya Kenya kwa sababu ya kiwanda cha Limuru, asili yake ni kwao. Tomáš Baťa alianza kazi mwaka 1894 pamoja na kaka yake Antonín na dada yao Anna, katika mji mdogo wa Zlín, mashariki ya Brno, mwendo wa saa mbili hivi kwa basi. Mji mzima ukageuka kuwa wa kiwanda, na nyumba za wafanyakazi za matofali mekundu bado zimepangwa mlimani kama viberiti. Jengo la makao makuu, lililokamilika mwaka 1938, lina ofisi ya bosi ndani ya lifti: chumba kizima chenye meza, simu na sinki la kunawia mikono, kinachopanda na kushuka kutoka ghorofa hadi ghorofa. Zile bei za dukani zinazoishia na tisa, Wacheki mpaka leo wanaziita bei za Baťa. Baada ya Vita Kuu ya Pili kiwanda kilitaifishwa, na familia ikaliendeleza jina hilo kutoka Kanada. Mwambie kijana amtajie mwenye nyumba kwamba bibi yake alinunua Bata Moshi mjini, aone kama hatakaribishwa keki.

Shanga nazo ni hivyo hivyo. Zile ndogo za kioo wanazoshonea akina mama wa Kimaasai, kwa miaka mingi zilizopendwa kuliko zote zimetoka Jablonec nad Nisou, kaskazini mwa Ucheki, ambako kazi ya kioo ni urithi wa familia. Kwa hiyo Wacheki si wageni kwetu kama tunavyodhani. Ni kwamba vitu vyao vilifika bila wenyewe.

Turudi kwenye swali. Hawa ni watu wawili waliopitia jambo moja wakatoka nalo kwa milango tofauti. Wote ni mataifa madogo. Ucheki ina watu karibu milioni 11, na Jamhuri ya Ireland ina zaidi kidogo ya milioni 5. Wote waliishi karne nyingi chini ya jirani mkubwa mwenye lugha nyingine: Waairishi chini ya Uingereza, Wacheki chini ya ukoo wa Habsburg uliotawala kutoka Vienna kwa Kijerumani. Wote walipata dola yao baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Wacheki mwaka 1918 wakiwa pamoja na Waslovaki, Waairishi mwaka 1922, bila ile sehemu ya kaskazini iliyobaki chini ya Uingereza. Lakini Mwairishi alitoka humo na dini yake, lugha akaiacha njiani. Mcheki alitoka na lugha yake, dini akaiacha. Karibu kila kitu ambacho watoto wako wanakuhadithia Jumapili kimeota kwenye mzizi huo.

Chukua Ireland. Waingereza walikuwa wameshajitenga na Roma, na wenyeji walibaki Wakatoliki. Kuanzia miaka ya 1690 zikatungwa sheria za kumbana Mkatoliki: hanunui ardhi, hafungui shule, hashiki cheo. Misa zikasomwa porini juu ya mawe makubwa, huku kijana amewekwa kilimani kuangalia askari. Mawe hayo bado yapo mashambani na watu huonyeshana. Ukimtesa mtu kwa sababu ya jambo fulani vizazi vinne, jambo hilo linakuwa ndiyo yeye. Kuwa Mwairishi na kuwa Mkatoliki vikawa kitu kimoja.

Lugha haikupata ulinzi huo. Mwaka 1831 serikali ilianzisha shule za msingi za umma, na zikafundisha kwa Kiingereza hata pale ambapo mtoto hakuwa anajua neno moja la Kiingereza. Kulikuwa na kijiti, wao wanakiita bata scóir (hapo tena "bata", lakini huyu hana uhusiano na viatu). Mtoto alifungiwa kijiti shingoni, na kila akisikika anasema Kiairishi kinakatwa alama moja. Jioni mwalimu anahesabu alama na kumchapa kwa idadi hiyo. Mama, sisi tuliosoma shule za kuvalishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema Kichaga au Kiswahili hatuhitaji maelezo zaidi. Kinachouma ni kwamba wazazi wengi walishirikiana na mwalimu. Nyumbani nako waliikata alama, kwa sababu waliona mtoto bila Kiingereza hana mkate.

Kisha ikaja njaa. Mwaka 1845 ugonjwa wa ukungu uliozesha viazi mashambani, na maskini walikuwa wanaishi kwa viazi peke yake. Mpaka kufikia 1852 watu wapatao milioni 1 walikuwa wamekufa na zaidi ya milioni 1 wamepanda meli, huku nafaka na ng'ombe wakiendelea kusafirishwa kwenda Uingereza. Waliokufa na walioondoka walikuwa hasa watu wa magharibi, wasemaji wa Kiairishi. Kisiwa kizima kilikuwa na watu zaidi ya milioni 8 mwaka 1841. Leo, baada ya miaka mia na themanini, hakijafika hapo tena. Ndiyo maana kila familia ambayo binti yako anaihudumia ina ndugu Boston, Sydney au London, na ndiyo maana mzee aliyelazwa anapomuuliza "umetoka wapi, mama yako hajambo?" huwa hatanii. Kwao safari ni jambo la nyumbani.

Kiairishi hakikufa kabisa. Mwaka 1893 Douglas Hyde na wenzake waliunda chama cha kukifufua, na huyo Hyde baadaye akawa rais wa kwanza wa nchi, mwaka 1938. Katiba inakiita lugha ya taifa na lugha rasmi ya kwanza. Kila mtoto anakisoma shuleni, vibao vya barabara vinakitanguliza. Sensa ya 2022 ilihesabu watu karibu milioni 1.9 waliosema wanakijua. Wanaokitumia kila siku nje ya darasa? Wapatao 72,000. Hesabu hiyo ndiyo inayonifanya niwe mgumu pale watu wa kwetu wanaposema lugha italindwa na katiba.

Binti yako akitaka kukisikia kikiwa hai, apande basi aende Baile Bhuirne, magharibi ya jimbo hilo hilo la Cork. Salamu yao ni Dia duit, yaani Mungu awe kwako. Anayeitikia anaongeza: Dia is Muire duit, Mungu na Maria wawe kwako. Mtu aliyezoea kuitikia salamu kwa kuizidi ile aliyopewa atajiona yuko nyumbani. Tena lugha ile haina neno la "ndiyo" wala la "hapana". Ukiuliza "umeelewa?" unajibiwa "nimeelewa" au "sikuelewa". Tabia hiyo imehamia kwenye Kiingereza chao. Mwairishi ukimuuliza kama mvua inanyesha, atakwambia "inanyesha", kisha atakupa historia ya mvua hiyo tangu asubuhi.

Sasa mgeuze huyo mtu umwone Mcheki. Wacheki walimkataa Papa mapema kuliko Wajerumani. Jan Hus, padri na mwalimu wa chuo kikuu cha Praha, alihubiri kwa Kicheki, akachomwa moto tarehe 6 Julai 1415, karne nzima kabla ya Luther, na tarehe hiyo ni sikukuu ya taifa mpaka leo. Tarehe 8 Novemba 1620 wakuu wa Kicheki walishindwa vita na majeshi ya Kikatoliki ya Habsburg kwenye Mlima Mweupe, nje kidogo ya Praha. Mwaka uliofuata viongozi 27 waliuawa hadharani kwenye uwanja wa mji. Waprotestanti wakapewa kuchagua: kurudi Ukatoliki au kuondoka nchini. Kijerumani kikawa lugha ya ofisi na ya mjini, Kicheki kikabaki cha vijijini, cha wapishi na wachunga farasi. Unaona tofauti, mama? Kwa Mwairishi kanisa lilikuwa upande wa aliyeonewa. Kwa Mcheki liliingia na aliyeshinda. Uhuru ulipopatikana Oktoba 1918, haikupita wiki moja umati ukauangusha mnara wa Bikira Maria uliosimama katikati ya Praha, kwa sababu waliuona ni alama ya mtawala. Wakomunisti walipokuja mwaka 1948 na kukaa miaka arobaini, walikuta mlango uko wazi nusu. Katika sensa ya 2021 karibu nusu ya watu walijibu hawana dini, na theluthi hivi hawakujibu swali hilo kabisa. Kijana asione kwamba wanamdharau akienda misa. Kwao dini ni kama mshahara: si jambo la kuulizana.

Lugha waliifufua, na namna walivyofanya inanipendeza sana. Josef Dobrovský, aliyeandika sarufi kubwa ya Kicheki mwaka 1809, aliiandika kwa Kijerumani, na hakuwa na uhakika kama Kicheki kitawahi kubeba elimu ya juu. Josef Jungmann hakusubiri uhakika. Alitoa kamusi ya mabuku matano katika miaka ya 1830, na pale Kicheki kilipokosa neno alilitafuta kwa Warusi na Wapolandi au akaliunda. Wachezesha vibaraka walizunguka vijijini na masanduku yao wakiigiza hadithi za wafalme kwa Kicheki, wakati majumba makubwa ya mjini yaliigiza kwa Kijerumani. Vibaraka hao sasa wako kwenye orodha ya urithi ya UNESCO.

Kisha likaja Jumba la Taifa la Maigizo, Praha. Fedha zilichangwa na watu wenyewe, na juu ya jukwaa waliandika Národ sobě, taifa kwa ajili ya nafsi yake. Lilifunguliwa Juni 1881. Mwezi Agosti mwaka huo huo likaungua. Watu walichanga upya, na ndani ya siku 47 zilipatikana fedha za Austria milioni 1. Novemba 1883 likafunguliwa tena. Sisi tunaijua michango ya harusi na ya msiba. Hebu fikiria nchi nzima, pamoja na vijakazi na wanakijiji, ikichangia jengo la kuigizia.

Utauliza kwa nini wao waliweza na Waairishi hawakuweza. Wengi watakujibu "moyo wa uzalendo", na mimi sikubali. Waairishi hawakupungukiwa uzalendo, walipigana. Sababu ni za ardhini zaidi. Mtoto wa kijiji cha Kicheki, tangu amri ya shule ya mwaka 1774, alisoma a-e-i-o-u kwa Kicheki hata kama masomo ya juu yalikuwa ya Kijerumani. Mtoto wa kijiji cha Ireland alianza kwa Kiingereza siku ya kwanza. Viwanda vilipofunguliwa Praha, Plzeň na Brno, wanakijiji wa Kicheki walihamia mjini na lugha yao, mpaka miji ikageuka. Mwanakijiji wa Ireland naye alihama, lakini mji wake ulikuwa New York.

Tuje kwenye misiba, maana nahisi ndiyo iliyokugusa.

Binti yako hakutia chumvi. Ireland mtu akifa, redio ya mkoa inasoma majina: marehemu fulani wa kijiji fulani, ameacha watoto hawa, mwili utakuwa nyumbani saa fulani. Mzee aliyekua na matangazo ya vifo ya Radio Tanzania angekaa kimya na kusikiliza vile vile. Mwili unaletwa nyumbani, jeneza wazi, jirani wanafika na mikate iliyokatwa pembe tatu, na birika halishuki jikoni. Watu wanapanga foleni mpaka barabarani, wanapita mmoja mmoja, wanashika mkono wa wafiwa wote waliokaa kwenye safu na kusema maneno yale yale ambayo tafsiri yake ni "pole kwa taabu yako". Mtu anakuja kwa sababu alifanya kazi na shemeji wa marehemu. Asipokuja itakumbukwa. Siku ya pili au ya tatu wanazika, na baada ya mwezi kuna misa ya kumkumbuka, ambayo mimi naiona ni arobaini yao. Mwambie binti akifiwa mfanyakazi mwenzake aende, hata dakika tano. Atakuwa amefanya zaidi ya alivyofanya kwa mwaka mzima wa kuwa mchapakazi.

Ucheki, walio wengi sana huchomwa, na familia nyingi siku hizi hazifanyi ibada wala mkutano wowote. Majivu yanachukuliwa, basi. Kwetu hilo linatisha. Lakini mwanao atembee makaburini Brno jioni ya tarehe 2 Novemba, au wikiendi iliyo jirani nayo. Atawakuta hao hao wasio na dini, mabibi na wajukuu, wamebeba maua ya krisanthemu na mishumaa ndani ya vikombe vya kioo chekundu, wanafuta majani kwenye kaburi kwa ufagio mdogo waliotoka nao nyumbani. Ikiingia giza eneo zima linawaka. Hakuna anayehubiri.

Kuhusu salamu, hapo kijana amekosea. Mcheki anasalimia sana, ila kwa mahali, si kwa mtu. Akiingia duka dogo, lifti au chumba cha kusubiri daktari anasema Dobrý den kwa wote waliomo, na akitoka anaaga. Usiposalimia wewe ndiye huna adabu. Asichofanya ni kumchekea asiyemjua kwenye tramu. Kicheki kina namna mbili za kumwambia mtu "wewe", moja ya heshima na moja ya ukaribu, na anayeruhusu kuhamia ile ya ukaribu ni mkubwa kwa umri, au mwanamke. Kijana asijipandishe mwenyewe. Ni sawa na mtoto kuacha shikamoo kabla hajaambiwa "sasa umekua". Mwalimu wake wa chuo amwite kwa cheo: pane profesore, pane docente. Na akimuuliza Mcheki habari yake ajiandae kujibiwa kweli, mgongo, bosi, bei ya umeme. Kulalamika kidogo ni dalili kwamba umekubalika.

Mwairishi ni kinyume. Swali la habari yako halitaki jibu, ni kama "mambo" ya mtaani. Kwenye barabara za vijijini kila dereva anakuinulia kidole kutoka kwenye usukani. Na wana utani wa kila mtu na kila mtu: wakianza kumcheka binti kwa lafudhi au kwa koti lake, wamempenda. Wakiwa wapole naye kupita kiasi ndipo awe na wasiwasi. Chai ikitolewa, mgeni hukataa mara ya kwanza, pengine na ya pili, mwenyeji anasisitiza, ndipo anakubali. Ukikubali upesi wanakushangaa kidogo, ukikataa mara tatu umewavunja moyo. Chai yenyewe, nzito na ya maziwa, sehemu kubwa ni ya Kenya na Rwanda, ikichanganywa na ya Assam. Kampuni kubwa ya chai iko hapo hapo Cork. Kikombe anachopewa wodini huenda kilipandwa Kericho.

Ya ulevi nitapita haraka, mama, najua unachoogopa. Mtu wa Moshi hahitaji kufundishwa kwamba pombe ni kikao, maana mbege ni hivyo hivyo. Baa ya Ireland ni sebule ya kijiji: kila mmoja kwa zamu yake anawanunulia wote, na anayekunywa akatoroka kabla ya zamu yake jina lake limeharibika. Ndiyo mahali pa muziki pia. Mtu anaingia na fidla, mwingine filimbi ya bati, mwingine ngoma ya ngozi ya mbuzi, wanakaa kona moja wakipigiana wao kwa wao, hawana jukwaa na hawasubiri makofi. Binti asipokunywa aombe soda, hakuna atakayemlazimisha siku hizi. Wacheki ndio wanaoongoza duniani kwa bia kwa kila kichwa, miaka nenda rudi, na bia ya dhahabu isiyo na ukungu ilianzia kwao mjini Plzeň mwaka 1842. Neno "Pilsner" kwenye chupa za Kenya ni jina la mji huo. Kwenye baa zao mhudumu anachora kijistari kwenye karatasi kwa kila glasi, kisha analeta nyingine bila kuulizwa. Kijana akitosheka aweke kile kikadi cha kuwekea glasi juu ya glasi.

Ijumaa mchana Brno itamwonekea imehamwa. Watu wako kwenye vijumba vyao vya mashambani: kupalilia, kukata kuni, na mwisho wa kiangazi kuokota uyoga. Uyoga kwao ni dini kuliko dini. Kila familia ina msitu wake wa siri na haikuambii. Akialikwa kwenda kuokota, akubali, lakini asile alichookota yeye mpaka bibi wa nyumba akikague. Binti naye Jumapili atawakosa majirani kwa sababu wako kwenye uwanja wa parokia wakitazama mchezo wao wa magongo, hurling, mpira mdogo wa ngozi ukipita kwa kasi ya kutisha juu ya vichwa. Chama cha michezo hiyo kilianzishwa mwaka 1884, na mpaka leo wachezaji wake hawalipwi. Fainali inajaza uwanja wa Croke Park, Dublin, watu zaidi ya 82,000, na baada ya hapo aliyefunga bao la ushindi anarudi kwenye kazi yake ya kawaida, pengine kufundisha darasa la nne. Cork ni wakubwa wa mchezo huo. Anunue kitu chekundu, ndiyo rangi yao.

Nisikudanganye kwa mizani iliyonyooka mno, lakini. Ireland ya leo si ile iliyotuletea masista. Edel Quinn, aliyekuja kutoka kwao kueneza Legio ya Maria Afrika Mashariki na kufariki Nairobi mwaka 1944, angeshangaa. Kashfa za watoto kunyanyaswa na mapadri, na nyumba za watawa walikofungiwa wasichana waliopata mimba, ziliwakata watu maini. Mwaka 2015 walipiga kura kuruhusu ndoa za jinsia moja, 2018 kura ya utoaji mimba. Makanisa yanajaa kwenye msiba na kupwaya Jumapili, na padri anayesoma misa mara nyingi ametoka Nigeria au India. Wacheki nao si wakavu kama wanavyoonekana. Mwaka 2005 televisheni yao iliwaomba wapigie kura Mcheki mkuu kuliko wote, nao wakampigia kwa wingi Jára Cimrman, mvumbuzi asiyewahi kuishi, aliyetungwa kwa mzaha kwenye redio. Ikabidi aondolewe kwenye orodha.

Krismasi kijana asibaki bwenini. Siku yenyewe kwao ni tarehe 24 jioni. Kuanzia siku chache kabla, barabarani kunawekwa mabeseni makubwa ya samaki hai, aina ya kapu (carp kwa Kiingereza), kutoka kwenye mabwawa ya Třeboň yaliyochimbwa na watu katika karne ya 16. Wapo wanaomnunua akiwa mzima na kumweka kwenye bafu la nyumbani siku mbili, watoto wakampa jina, na hapo baba ana kazi. Anakaangwa na kuliwa na saladi ya viazi. Chini ya sahani ya kila mtu kunawekwa gamba moja la samaki, na baada ya kula unalitia kwenye pochi ili fedha isikauke mwaka mzima. Mimi langu lilikaa kwenye pochi miaka mitatu mpaka likageuka unga, na matokeo yake sitayaeleza hapa. Baada ya chakula kengele ndogo inalia chumba cha pili: Mtoto Yesu ameleta zawadi. Ndiyo, wale wale wasio na dini.

Na dada mtu akienda kumtembelea, wapitie Praha, watembee mtaa unaoitwa Hybernská, karibu na stesheni ya Masaryk. Jina hilo maana yake ni mtaa wa Waairishi. Mapadri Wafransisko waliofukuzwa kwao Ireland walifungua chuo hapo mwaka 1629, kikadumu mpaka mfalme alipokifunga mwaka 1786, na Wacheki husimulia kwamba ndio waliopanda viazi vya kwanza Praha bustanini mwao. Ila kama safari yenyewe itakuwa ya Pasaka, mpe binti taarifa mapema. Jumatatu ya Pasaka wanaume na wavulana wa Kicheki hupita nyumba kwa nyumba na fimbo zilizosukwa kwa vijiti vya mti wa willow, wanawachapa wasichana miguuni, kidogo tu, eti wasizeeke, nao wanatakiwa kuwashukuru kwa yai lililopakwa rangi. Awe na mayai mfukoni, asije akampiga kofi mtoto wa watu.